Nani Hulipia Makaburi ya Majimbo ya Wanajeshi wa Zamani nchini Marekani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mara bunge la jimbo fulani la Marekani linapojadili kufungua makaburi mapya ya wanajeshi wa zamani, wananchi huambiwa kwamba mradi hautawagharimu chochote kwa kuwa serikali kuu ya Washington italipa kila kitu. Kauli hiyo ni kweli kwa upande wa ujenzi, lakini kwa upande wa uendeshaji ni ahadi ambayo hakuna sheria inayoiunga mkono. Maelezo yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaolipa kodi katika majimbo hayo, au wenye watoto na ndugu waliovaa sare za jeshi la Marekani, ambao wangependa kujua fedha zinatoka wapi na zinakwenda wapi.

Tunatumia maneno «wanajeshi wa zamani» kwa makusudi. «Mstaafu» humfanya msomaji amfikirie mtu anayepokea pensheni, na «mkongwe wa vita» humfanya amfikirie aliyepigana, ilhali sheria ya Marekani humhesabu hata kijana aliyetumikia miaka michache kambini na kuondoka bila kuona vita wala pensheni.

Makaburi ya jimbo yana tofauti gani na makaburi ya taifa?

Makaburi ya taifa ni mali ya serikali kuu na huendeshwa nayo. Asili yake ni sheria ya Julai 1862, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, iliyompa Rais Abraham Lincoln mamlaka ya kununua ardhi ya kuzikia askari. Mwaka 1973 sehemu kubwa ya makaburi hayo ilihamishwa kutoka jeshi la nchi kavu hadi kwa idara inayoshughulikia wanajeshi wa zamani, ambayo leo inasimamia zaidi ya 150. Arlington, ambayo watu wengi huidhani kuwa mfano wa makaburi yote, ilibaki chini ya jeshi na hadi leo iko huko.

Makaburi ya jimbo ni mali ya jimbo. Wafanyakazi wake ni watumishi wa jimbo, bajeti yake hupitishwa na bunge la jimbo, na malalamiko kuhusu nyasi zilizokauka hupelekwa kwa gavana. Hata hivyo mengi yamejengwa kwa fedha za serikali kuu, na kwa sababu hiyo yanabanwa na masharti yake: anayezikwa humo ni lazima, kimsingi, awe na sifa za kuzikwa katika makaburi ya taifa, na utunzaji wake ni lazima ufikie viwango vya taifa. Mgeni anayepita kati ya mistari ya mawe meupe hawezi kutambua kwa macho kama yuko katika ardhi ya taifa au ya jimbo.

Mpango wa ruzuku ulianza lini?

Ulianza mwaka 1978, kwa sheria iliyoiruhusu serikali kuu kuchangia hadi nusu ya gharama za kuanzisha, kupanua au kuboresha makaburi ya jimbo. Nusu hiyo haikuwavutia wengi kama ilivyotarajiwa. Jimbo dogo lenye bajeti finyu lilipaswa kutafuta nusu ya pili, na kaburi, tofauti na barabara au shule, halina kundi kubwa la wapigakura wanaolidai kila siku.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1998, Bunge la Marekani lilipopandisha mchango wa serikali kuu hadi asilimia 100 ya gharama za ujenzi, pamoja na vifaa vya kuanzia kazi. Kuanzia hapo majimbo yalianza kupanga foleni. Mwaka 2006 sheria nyingine iliruhusu makabila ya Wenyeji wa Amerika nayo kuomba ruzuku hizo kwa ajili ya ardhi zao. Hadi sasa mpango umetoa zaidi ya dola bilioni 1 kwa jumla, na makaburi yaliyonufaika, yakiwamo ya Guam na Saipan katika Bahari ya Pasifiki, yanazidi 120.

«Asilimia 100» inajumuisha nini, na inaacha nini nje?

Hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia, hivyo ni vema tukae hapa kidogo.

Ruzuku hulipia kazi ya kugeuza shamba au pori kuwa makaburi: barabara za ndani, mifereji ya kuondoa maji ya mvua, mabomba ya umwagiliaji, uzio, ofisi, karakana, banda la wazi ambamo familia husimama kwa ibada fupi ya mwisho, kuta zenye vishubaka vya kuhifadhia majivu, na masanduku ya zege yanayofukiwa ardhini mapema ili jeneza litakapofika kazi iwe ni kufunua udongo na kifuniko tu. Hulipia pia zana za kuanzia, kama vile mtambo wa kuchimbia (kijiko), mashine za kukatia nyasi na malori madogo. Ada za wasanifu na wahandisi nazo huweza kurudishwa, ila jimbo ndilo linalotangulia kuzilipa, na marejesho huja pale tu ruzuku inapoidhinishwa.

Ruzuku hailipii ardhi. Hailipii mishahara ya kudumu. Haibadilishi kijiko kila kinapochakaa, wala hailipii bili ya maji ya mwezi wa Agosti. Kwa hiyo jimbo linalosema «serikali kuu inalipa asilimia 100» linazungumzia asilimia 100 ya siku ya ufunguzi. Siku ya pili ni ya jimbo.

Ni kweli kwamba baadaye sheria iliongeza ruzuku ndogo kwa ajili ya uendeshaji na matunzo, ambayo kwa kawaida hutumika kunyoosha mawe yaliyoinama, kusafisha na kufufua nyasi ili makaburi yafikie viwango vya taifa. Lakini jumla yake kwa nchi nzima imewekewa kikomo na sheria, na ukigawa kikomo hicho kwa makaburi zaidi ya mia moja utaona kwamba hakuna jimbo linaloweza kuitegemea kulipa mishahara.

Ikiwa ardhi hailipiwi, majimbo huipata wapi?

Mara nyingi jimbo hutoa ardhi ambayo tayari ni yake, au kaunti au mtu binafsi huitoa bure, au huwa ni sehemu ya kambi ya jeshi iliyofungwa. Mfano mzuri ni makaburi ya Pwani ya Kati ya California, yaliyofunguliwa Oktoba 2016 katika mji wa Seaside, juu ya ardhi iliyokuwa ya kambi ya Fort Ord. Kambi hiyo ilifungwa mwaka 1994, na wakazi wa eneo hilo walianza kudai makaburi mapema, lakini zaidi ya miaka 20 ilipita kabla ya maziko ya kwanza. Ardhi ilikuwapo tangu mwanzo, na kilichochelewesha ni hoja za fedha ambazo tutazirudia hapa chini.

Ardhi ya bure si lazima iwe ya bei nafuu. Eneo lenye mwamba karibu na uso wa ardhi, au lenye maji yanayopanda wakati wa masika, huongeza gharama za ujenzi kwa kiasi kinachoweza kupita bei ya kununua shamba zuri. Idara ya Washington hukagua eneo kabla ya kuidhinisha ruzuku, na zawadi yenye kasoro hukataliwa.

Kwa nini serikali kuu isijenge makaburi ya taifa kila mahali, na kuyaachia majimbo mambo mengine?

Kwa sababu ya umbali na idadi ya watu. Lengo la serikali kuu ni kwamba asilimia 95 ya wanajeshi wa zamani wawe na makaburi ya taifa au ya jimbo ndani ya maili 75 kutoka wanapoishi, yaani kama kilomita 120. Ili kupata makaburi mapya ya taifa, eneo lilitakiwa kwa muda mrefu kuwa na wanajeshi wa zamani 170,000 ambao hawajafikiwa na huduma. Mwaka 2011 kiwango hicho kilishushwa hadi 80,000. Bado ni idadi kubwa mno kwa Montana au kaskazini mwa Wisconsin, na hapo ndipo makaburi ya jimbo yanapoziba pengo. Kwa maeneo ya mashambani yaliyobaki, serikali kuu imejenga makaburi madogo ya taifa, kama yale ya Fargo katika Dakota Kaskazini na ya Cheyenne katika Wyoming.

Sababu ya pili, ambayo wanasiasa huisema kwa sauti ya chini, ni kwamba makaburi ya jimbo ni nafuu kwa Washington. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2024, uendeshaji wa makaburi ya taifa ulitengewa dola milioni 480, bila kuhesabu ujenzi. Ruzuku zote za makaburi ya majimbo na makabila zilitengewa milioni 60. Makaburi ya taifa huzika zaidi ya watu 130,000 kwa mwaka, na ya majimbo huzika takriban 40,000. Ulinganisho huu si wa haki kabisa, kwani makaburi ya taifa yanabeba mamilioni ya makaburi ya zamani yanayohitaji kutunzwa, na idara hiyo hiyo hutoa mawe kwa nchi nzima. Hata hivyo unatosha kuonyesha mzigo umeegemea upande gani: serikali kuu hulipa mara moja na kuondoka, na jimbo hubaki.

Hawaii inaonyesha sura nyingine ya jambo hili. Makaburi ya taifa ya Honolulu, yaliyomo ndani ya kreta ya Punchbowl, yalijaa, na kreta haipanuki. Mwaka 1991 jimbo lilifungua makaburi yake huko Kaneohe, upande wa pili wa milima, na tangu hapo wengi ambao wangelala Punchbowl wamezikwa kwa gharama za uendeshaji za jimbo.

Baada ya makaburi kufunguliwa, gharama za kila mwaka ni zipi?

Kubwa kuliko zote ni mishahara. Makaburi hayawezi kuendeshwa na mtu mmoja mwenye jembe: panahitajika msimamizi, mtu wa ofisi anayepokea simu za wahudumu wa mazishi na kuhakiki hati za utumishi, madereva wa mitambo, na watunza bustani. Maziko hayaahirishwi kwa sababu mfanyakazi yuko likizo, kwa hiyo idadi ya wafanyakazi haiwezi kushushwa chini ya kiwango fulani hata kama maziko ni machache. Ndiyo maana makaburi madogo ya vijijini huwa na gharama kubwa zaidi kwa kila maziko kuliko makaburi makubwa ya karibu na miji.

Baada ya mishahara huja nyasi. Msomaji aliyezoea makaburi ya kwetu, ambako majani hufyekwa na ndugu siku chache kabla ya kumbukumbu, anaweza kushangaa, lakini katika viwango vya taifa nyasi ni suala la bajeti. Zinapaswa kuwa za kijani, fupi, zisizo na magugu wala mabaka ya udongo, na zisiguse maandishi ya jiwe. Katika Texas au kusini mwa California hilo lina maana ya maji mengi. Katika majimbo ya kaskazini maji hayatumiki sana, lakini kuna theluji ya kusukuma barabarani na udongo ulioganda unaovunjwa kwa mashine ili kaburi lichimbwe Januari.

Kisha kuna mawe yenyewe. Jiwe hutolewa bure na serikali kuu likiwa limeshachongwa na kusafirishwa hadi makaburini, lakini kulisimamisha ni kazi ya jimbo, na kulinyoosha ni kazi isiyokwisha. Udongo juu ya kaburi jipya huzama kwa miezi na miaka, na jiwe huzama nao au huinama. Viwango vinataka mistari iwe imenyooka ukitazama mbele, ukitazama pembeni, na hata ukitazama mshazari. Wakaguzi hupita wakiwa na fomu ya alama, na jimbo linalopata alama za chini hutakiwa kueleza litarekebishaje.

«Posho ya kaburi» ni nini, na inatosha?

Kila mwanajeshi wa zamani mwenye sifa anapozikwa bila malipo katika makaburi ya jimbo, serikali kuu hulipa jimbo hilo posho ya mara moja. Kwa miaka mingi ilikuwa dola 150, kisha ikawa 300, na kuanzia Oktoba 2011 ikawa 700, ikiambatana na utaratibu wa kuipandisha kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Kwa vifo vilivyotokea kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 ilikuwa dola 978.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa hesabu tu. Makaburi yanazika wanajeshi wa zamani 500 kwa mwaka. Zidisha kwa 978, unapata dola 489,000. Ni fedha nzuri, na kwa makaburi yenye shughuli nyingi huweza kulipa sehemu kubwa ya mishahara. Sasa chukua makaburi ya wilaya ya mbali yanayozika 80 kwa mwaka: 80 mara 978 ni dola 78,240, kiasi ambacho kinaweza kuishia kwa mfanyakazi mmoja au wawili, ukihesabu mshahara, bima na malipo ya uzeeni. Nyasi bado hazijanywa maji.

Tatizo kubwa zaidi ni la muda. Posho hulipwa mara moja, siku ya maziko, lakini kaburi litatunzwa daima. Sheria haiweki mwisho. Dola 978 zinapaswa kumtosha marehemu kwa miaka hamsini, mia, na zaidi, na mtu yeyote aliyewahi kununua mfuko wa mbolea anajua kwamba haziwezi. Makaburi ya biashara hulitatua jambo hili kwa kutenga sehemu ya bei ya kila kaburi katika mfuko wa amana, na riba yake ndiyo inayolipia matunzo baada ya eneo kujaa. Majimbo mengi hayafanyi hivyo. Posho huingia katika bajeti ya mwaka huo na kuliwa mwaka huo huo.

Makaburi yakijaa gharama hazipungui?

Hupungua kidogo, kwa sababu hakuna tena uchimbaji. Mapato, kwa upande mwingine, hupungua yote. Kwa maneno mengine, makaburi yaliyojaa ni mradi usio na mapato wenye gharama za kudumu, na kila makaburi ya jimbo yanaelekea huko.

Idadi ya watu inalifanya jambo hili liwe la karibu kuliko linavyoonekana. Wamarekani takriban milioni 16 walitumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili, na kufariki kwa kizazi hicho ndiko kulikosukuma ujenzi wa makaburi mengi mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo waliobaki hawafiki 100,000. Baada yao wanafuata wa Korea na Vietnam. Baada ya Vietnam uandikishaji wa lazima ulikomeshwa, jeshi likawa dogo, na kwa hiyo idadi ya wanajeshi wa zamani inashuka mwaka hadi mwaka. Jimbo linaloanzisha makaburi leo kwa kutegemea posho ya miaka kumi ijayo linapaswa kupiga hesabu ya miaka arobaini pia.

Majimbo hupata wapi fedha za kujaza pengo?

Mengi huzichota katika mfuko mkuu wa kodi, pale pale zinapotoka fedha za shule na magereza. Njia hii ni rahisi mradi uchumi unakwenda vizuri. Mapato ya jimbo yakishuka, makaburi hujikuta yakishindania fedha na idara zenye watetezi wengi.

Texas ilichukua njia tofauti. Jimbo hilo lina bodi iliyoanzishwa kuwakopesha wanajeshi wa zamani fedha za kununua ardhi na nyumba, na mwaka 2001 wapigakura waliidhinisha marekebisho ya katiba ya jimbo yaliyoiruhusu bodi kutumia sehemu ya mali ya mifuko yake kwa ajili ya makaburi. Makaburi ya Killeen, Mission, Abilene na Corpus Christi yalifunguliwa chini ya utaratibu huo. Kwa maoni yangu ni mpango wa busara, kwani fedha zinatokana na shughuli inayowahusu wanajeshi wenyewe na haziyumbi na kila bajeti. Lakini si kila jimbo lina bodi kama hiyo, na haiwezi kuundwa kwa siku moja.

California, kwa mradi wa Seaside, ilijaribu kuanza na akiba. Sheria ya jimbo ya mwaka 2006 iliunda mfuko maalumu wa kuchangia gharama za usimamizi, na watu wa eneo hilo walitakiwa kuchangisha. Wazo lilikuwa zuri, lakini utekelezaji wake ulikuwa wa kuchosha, kwa sababu wazee waliokuwa wakidai makaburi hayo waliendelea kufariki na kuzikwa mbali na nyumbani huku hesabu zikijadiliwa. Hatimaye awamu ya kwanza ilifunguliwa ikiwa na vishubaka vya majivu tu, 5,000 kwa idadi, na waliotaka kuzikwa ardhini ndani ya jeneza wakaambiwa wasubiri awamu inayofuata. Hilo nalo ni jibu la bajeti, ingawa halikuandikwa hivyo katika hotuba za ufunguzi.

New York, mojawapo ya majimbo ya mwisho kuingia katika mpango, iliweka kwanza mfuko wa uendeshaji katika sheria, na baadaye ikachagua makaburi yaliyokwisha kuwapo ya Sampson katika kaunti ya Seneca badala ya kuanza upya. Kuchukua makaburi ya kaunti na kuyafanya ya jimbo huokoa gharama za kuanzia, ila jimbo hurithi pia mawe yaliyopinda na mifereji iliyoziba.

Je, mke, mume au watoto wa mwanajeshi wa zamani wanatozwa ada?

Inategemea jimbo. Katika makaburi ya taifa mwenzi wa ndoa na watoto wategemezi huzikwa bure. Katika makaburi ya jimbo, kwa kuwa posho kwa muda mrefu ililipwa kwa ajili ya mwanajeshi mwenyewe tu, majimbo mengi yaliamua kutoza ada kwa mwenzi, mara nyingi ya kiasi kinachokaribiana na posho hiyo. Mengine, kama Missouri, hayatozi. Ni swali la kuuliza mapema, kwa simu moja tu kwa ofisi ya makaburi, badala ya kuligundua wiki ya msiba.

Kwa kawaida wanandoa hushiriki kaburi moja, mmoja juu ya mwingine, na jiwe moja huandikwa pande zote mbili. Kwa familia hii ni faraja, na kwa mhasibu wa jimbo ni nusu ya ardhi na nusu ya mawe ya kunyoosha.

Familia inabaki na gharama gani?

Kaburi, kuchimbwa na kufukiwa kwake, jiwe, bendera na matunzo ni vya umma. Jeneza au chombo cha majivu, kuhifadhi na kuandaa mwili, usafiri hadi makaburini na malipo ya kampuni ya mazishi ni vya familia. Baadhi ya familia hustahili posho ndogo ya serikali kuu kwa gharama hizo, kulingana na hali ya marehemu. Uzoefu unaonyesha kwamba watu husikia «mazishi ya bure» na kuelewa kwamba kila kitu ni bure, na bili ya kampuni ya mazishi huwajia kama mgeni asiyebisha hodi.

Kuchoma maiti kunapunguza gharama za umma?

Ndiyo, na kwa kiasi kikubwa. Zaidi ya nusu ya Wamarekani wanaofariki sasa huchomwa, na kishubaka cha ukutani hakihitaji maji, mbolea wala kunyooshwa. Ekari moja ya kuta huhifadhi watu wengi kuliko ekari nyingi za makaburi. Hii ndiyo sababu miradi mipya huanza na kuta. Lakini wapo wengi ambao dini au desturi zao hazikubali uchomaji, Waislamu na Wayahudi wengi wakiwa miongoni mwao, na kwa hao eneo la kuzikia ardhini haliwezi kuachwa kwa sababu tu ni ghali.

Jimbo likichoka kulipa linaweza kufunga au kuuza?

Linaweza kujaribu, lakini sheria imeweka mtego. Jimbo lililopokea ruzuku likiacha kumiliki makaburi hayo, au likiacha kuyaendesha kama makaburi ya wanajeshi wa zamani, serikali kuu ina haki ya kudai irudishiwe fedha zote ilizotoa. Kwa jimbo lililopokea mamilioni kwa awamu kadhaa, kuendelea kukata nyasi huwa nafuu kuliko kuacha.

Makabila ya Wenyeji wa Amerika yananufaikaje?

Kwa masharti yanayofanana na ya majimbo. Kabila la Rosebud Sioux la Dakota Kusini lilikuwa miongoni mwa ya kwanza, na makaburi yake yalizinduliwa mwaka 2013. Wenyeji wa Amerika wamejiunga na jeshi kwa wingi ukilinganisha na idadi yao, na wengi walikuwa wakizikwa mbali na ardhi ya mababu. Mzigo wa uendeshaji, hata hivyo, huwa mzito zaidi kwao, kwa kuwa makabila mengi hayana msingi wa kodi kama wa jimbo.

Mzaliwa wa Kenya, Tanzania au Kongo aliyetumikia jeshi la Marekani ana haki hiyo?

Haki inatokana na utumishi na namna mtu alivyoachishwa jeshi, na mahali alipozaliwa hapahesabiwi. Wakazi wa kudumu wenye kadi ya kijani hujiunga na jeshi kabla ya kupata uraia, na utumishi wao huhesabiwa. Kwa walioandikishwa baada ya tarehe 7 Septemba 1980, kwa kawaida inatakiwa wawe wametumikia miezi 24 mfululizo au kipindi kizima walichoitiwa. Jimbo linaweza kuongeza sharti la ukaaji, kwa mfano kwamba marehemu awe amewahi kuishi humo.

Familia nyingi zetu huchagua kusafirisha mwili hadi nyumbani, na kwa kufanya hivyo huliondolea jimbo gharama zote tulizozieleza. Katika hali hiyo bado zinaweza kuomba jiwe la kaburi la serikali ya Marekani, ambalo hutolewa na kusafirishwa bila malipo popote duniani, likiwa na alama ya dini ya marehemu, iwe msalaba au mwezi na nyota. Fundi wa kulisimamisha kijijini, pamoja na mchanga na saruji yake, hulipwa na familia.